Nyumba za Wanafunzi: Asili Yake na Maana Yake

Kila mwaka wakati wa kufungua masomo ukaribiapo, twaona jambo moja katika vijiji vyetu. Kijana amefaulu, barua ya kuitwa Chuo Kikuu imefika, na jamaa wamekusanyika kumpa heri. Watu wengi humwuliza, "Utasoma nini?" Lakini mama yake, ambaye amelifunga sanduku na kulifungua tena mara tatu, ana swali jingine: "Mwanangu, utalala wapi?" Sisi waalimu tumezoea kuliona swali hili kuwa dogo. Tukizitazama habari za kale twaona kwamba ni kubwa sana, na ya kwamba vyuo vikuu vyenyewe vilikaa miaka mingi kabla ya kulijibu.

Hapo kwanza vyuo vikuu vya Ulaya havikuwa na majumba. Katika miaka ya 1100 waalimu walikusanyika katika miji ya Paris, nchi ya Ufaransa, na Oxford, nchi ya Uingereza, wakafundisha katika vyumba vya kupanga. Vijana wakawafuata kutoka mbali, wengine wangali wadogo, wa miaka 14 au 15. Kila mmoja alijitafutia pa kulala. Mwenye fedha alipanga chumba chema, na maskini alijibanza palipopatikana. Wenyeji walidai kodi kubwa, wanafunzi wakanung'unika, na uadui ukaota kati yao.

Uadui huo ulileta maafa. Katika mwaka 1209 mwanamke mmoja aliuawa mjini Oxford, na mwanafunzi aliyeshitakiwa alikimbia. Watu wa mji walipomkosa wakawakamata wenzake waliopanga naye nyumba moja, na baadhi yao wakanyongwa, ingawa hawakushiriki katika jambo lile. Waalimu na wanafunzi wakatawanyika kwa hofu. Wengine walikwenda Cambridge, na hivyo ndivyo Chuo Kikuu cha Cambridge kilivyoanza. Tena mwaka 1355 ugomvi wa divai katika kilabu kimoja cha Oxford uligeuka kuwa vita ya siku tatu. Habari za kale zasema wanafunzi wapatao 63 walikufa, na watu wa mji wapatao 30. Mgeni asiye na nyumba hana wa kumtetea, wala hana mzee wa kumkataza upumbavu wake.

Basi dawa ilipatikana wapi? Ilipatikana kwa watu waliowahurumia maskini. Katika mwaka 1180 mtu mmoja wa London, jina lake Jocius, alikuwa akirudi kutoka kuhiji Yerusalemu. Alipopita Paris aliingia katika hospitali iliyo karibu na kanisa kuu la mji, akaona chumba walimolala wanafunzi maskini. Akakinunua, akatoa mali ili wanafunzi 18 wapate vitanda na fedha kidogo kila mwezi. Nao walipewa kazi: kwa zamu wachukue msalaba na maji ya baraka mbele ya maiti wa hospitali ile, na usiku wasali zaburi. Tulifikiri sana juu ya sharti hilo. Vijana wale walipewa kitanda, na papo hapo wakapewa wajibu kwa watu wasio na jamaa wa kuwazika. Wazee wetu nao husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Wengine wakafuata mfano huo. Mwaka 1257 Robert de Sorbon, padre wa Mfalme Louis wa Tisa, ambaye mwenyewe alizaliwa katika nyumba ya maskini, alianzisha Paris nyumba ya wanafunzi wa elimu ya Mungu wasio na mali. Jina la nyumba hiyo, Sorbonne, lajulikana hata leo. Mwaka 1264 Walter de Merton aliweka mashamba yake ili mapato yake yawalishe wanafunzi wa Oxford, akiwatanguliza watoto wa ndugu zake mwenyewe. Hapo hakuna mtu wa kwetu asiyemfahamu: mjomba amefanikiwa, wapwa wanamtazama. Lakini yeye aliufungua mlango hata kwa wasio jamaa zake, akaweka kanuni za nyumba, nayo ipo mpaka sasa.

Mwaka 1379 Askofu William wa Wykeham alianzisha Oxford nyumba ya wanafunzi 70. Tauni kubwa ya miaka 1348 na 1349 ilikuwa imewaua mapadre wengi, naye alitaka kujaza pengo. Akaagiza kwamba katika vyumba vya vijana awepo mwenzao mkubwa, atazame masomo na mwenendo wa wadogo. Hivyo mtoto aliyeacha kaka zake nyumbani alimkuta kaka mwingine chuoni.

Wanawake walingoja muda mrefu zaidi. Mwaka 1869 Emily Davies alipanga nyumba mjini Hitchin, mbali na Cambridge, akaanza na wasichana watano. Waalimu wakasafiri kwa gari moshi kwenda kuwafundisha. Mwaka 1873 walihamia Girton, karibu zaidi na Cambridge, lakini chuo kikuu hicho hakikuwapa wanawake shahada kamili mpaka mwaka 1948.

Habari hizi zatufikia hata sisi wa Afrika ya Mashariki. Makerere ilipofunguliwa juu ya kilima chake mjini Kampala, mwaka 1922, ilikuwa na wanafunzi 14 wa kutwa, wakijifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Mwanafunzi wa kutwa ni yule aliye na pa kulala karibu. Kijana wa Tanganyika, au Kenya, au Unguja, angewezaje kuwa wa kutwa? Palipokuwa na mabweni ndipo watu wa mbali walipoweza kuja. Miongoni mwao alikuwa Julius Nyerere wa Butiama, aliyesoma huko tangu 1943 hata 1945. Mwaka huo wa 1945 waliingia wanawake sita wa kwanza. Neno la chuo lilikuwa "Tuwe Wanaume", ilibidi libadilishwe, likawa "Twajenga kwa Ajili ya Wakati Ujao." Na bweni la wanawake lilipewa jina la Mary Stuart, mke wa Askofu wa Uganda.

Tangu miaka ya 1990 wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu wameongezeka kupita vitanda. Wengi hupanga vyumba mitaani, kama wale wa Oxford ya zamani, na taabu zao ni zile zile: kodi, njaa, upweke, na marafiki wabaya. Kwa hiyo mlango wa elimu haufunguliwi kwa akili peke yake. Wahitaji pia kitanda, chakula na mtu wa kumwangalia mgeni. Wazazi, ulizeni mapema mtoto atalala wapi, na wekeni akiba ya jambo hilo pamoja na ada. Ninyi mnaokaa mijini, kumbukeni mashamba ya Merton. Nanyi vijana, mpatapo nafasi katika nyumba hizo, msiione kuwa haki ya mwenye akili tu. Mtu wa kwanza kuitoa aliitoa kwa ajili ya maskini, akawapa na msalaba wa kuchukua. Ulizeni, na ninyi mtachukua nini.