Kwa nini jasho linazidi chumvi ukipanda mlima kwa kasi?

Ukitembea taratibu mjini Same, jasho lako huwa na chumvi kidogo. Ukianza kuupanda mlima wa Upare kwa kasi, chumvi inaongezeka.

Sababu ni hii: tezi za ngozi hutengeneza jasho lenye chumvi karibu sawa na ya damu. Kabla halijatoka nje, mrija wa tezi hurudisha mwilini sehemu kubwa ya sodiamu na kloraidi. Kazi ikiwa nzito, jasho linapita haraka na mrija unazidiwa. Ndiyo ile michirizi myeupe kwenye shati. Potasiamu haibadiliki sana.

Hatari iko wapi? Mtu anapanda Shengena, mita 2,462, anatoka jasho saa nyingi, kisha anakunywa maji matupu kupita kiasi. Sodiamu ya damu inashuka: kichwa kinauma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, hata degedege.

Kwa hiyo kunywa kadiri ya kiu, na safari ikiwa ndefu kula chakula chenye chumvi. Mwenye presha amuulize daktari kwanza.

Mgeni asihofu: akishazoea joto, kwa wiki moja au mbili, mrija hurudisha chumvi zaidi.