Zohali na Mwezi Wake

Jua likisha kuchwa Jadida, wilayani Wete, na majamvi ya karafuu yakisha kukunjwa kwa khofu ya umande, wazee waliosoma ilimu ya falaki walikuwa wakiinua nyuso zao barazani kumtafuta Zohali, wakimjua kwa alama mbili: nuru yake ya manjano hafifu, na utulivu wake, kwani hametimeti kama nyota nyingine.

Katika vitabu vya unajimu vilivyofika pwani hii pamoja na majahazi ya Waarabu, Zohali ndiye msafiri wa mbingu ya saba, aliye juu ya Mushtara, Mirihi, Jua, Zuhura, Utaridi na Mwezi. Na kwa kuwa yuko mbali na mwendo wake ni wa taratibu mno, akaitwa nuhusi kubwa, akakabidhiwa Jumamosi, hata mtu aliyetaka kushusha chombo kipya majini au kupeleka posa akashauriwa aipishe saa ya kwanza ya siku hiyo. Nuhusi hiyo mimi siiamini. Walakini hesabu iliyolala chini yake naistahi, kwa maana haikuwa ya kubahatisha. Wanajimu walijua kwamba Mwezi hukaa katika kila buruji siku mbili na ushei, na Zohali miaka miwili na nusu. Na kwamba kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu, ilhali Zohali huizunguka mbingu yote kwa miaka 29 na nusu: siku kwa mwaka. Mtoto aliyeonyeshwa Zohali katika Akrabu siku alizokuwa akisoma chuoni, alimwona tena hapo hapo akiwa amekwisha kupeleka chuoni watoto wake mwenyewe.

Mkulima na nahodha hawakuwa na haja naye sana. Wao walihesabu miongo, yaani siku kumi kumi tangu Nairuzi, wakajua lini kusi itashika na lini mbegu ziingie ardhini, na walichokitaka mbinguni ni Kilimia na hilali.

Zama Wareno wangali wamekalia Ngome ya Yesu kule Mombasa, ijapokuwa Waomani walikwisha kuwatoa Maskati mwaka 1650, Mholanzi mmoja wa miaka 25, Christiaan Huygens, aliielekeza mbinguni darubini ambayo vioo vyake alivisugua yeye na nduguye, na tarehe 25 Machi 1655 akaona kando ya Zohali kijinyota ambacho, alipokifuatilia usiku baada ya usiku, alikikuta kinarudi mahali pake kila siku 16. Nuhusi kubwa, kumbe, alikuwa na mwezi! Ile pete inayomzunguka Zohali, iliyowatatiza wataalamu tangu siku za Galileo, Huygens aliibainisha kitabuni mwaka 1659.

Mwezi huo, ambao John Herschel aliuita Titan mwaka 1847, una upana wa kilomita 5,150, nao wampita Utaridi kwa ukubwa. Umejifunika hewa nzito ya rangi ya chungwa, ambamo Gerard Kuiper aliikuta methani mwaka 1944. Mvua yake ni methani, mito na maziwa yake kadhalika, na kwa baridi ya nyuzi 180 chini ya sifuri, maji huko ni jiwe.

Chombo kilichopewa jina la Huygens kilishuka huko kwa miavuli tarehe 14 Januari 2005, kikapiga picha ya vijiwe vya barafu vilivyoviringana kama vya mtoni. Ilikuwa Ijumaa, na huku kwetu watu wamekwisha kutoka msikitini. Nikarudi kuipigia hesabu ile tarehe ya 1655, nikakuta ilikuwa Alhamisi. Na kwa kuwa siku yetu huanza jua likichwa, usiku aliochungulia Mholanzi yule ulikuwa usiku wa Ijumaa vile vile, siku ya Zuhura, nyota ya sudi. Jumamosi ya Zohali haikuguswa mara zote mbili.