PAE: mstari mmoja uliozifungia nje laptopu nzima nzima

Ukijaribu kuweka Linux kwenye laptopu ya mtumba halafu skrini ikuambie kwamba keneli inahitaji "pae" na prosesa haina, usikimbilie kuiuza kama chuma chakavu. Kisa hiki kina historia yake.

PAE ilikuja na Pentium Pro ya Intel mwaka 1995. Kabla yake, prosesa za biti 32 za Intel ziliishia gigabaiti 4 za kumbukumbu. PAE ikaongeza anwani hadi biti 36, yaani gigabaiti 64. Baadaye ikapata kazi ya pili: kinga ya NX, inayozuia data isiendeshwe kama programu, haifanyi kazi kwenye keneli ya biti 32 bila PAE. Hivyo hata mwenye gigabaiti 1 tu alikuwa na sababu ya kuitaka.

Kwa Linux, PAE huchaguliwa wakati keneli inajengwa, kwa mstari CONFIG_X86_PAE. Ukishaiwasha, majedwali ya kumbukumbu hubadilika umbo: kila ingizo huwa la biti 64 badala ya 32. Keneli hiyo haiwezi tena kuendesha prosesa isiyo na PAE. Ndiyo maana kwa miaka mingi watengenezaji walitoa keneli mbili.

Lakini keneli mbili ni kazi mara mbili: kujenga, kujaribu, kuziba matundu ya usalama. Ubuntu 12.04, ya Aprili 2012, ikaifanya PAE kuwa ya kawaida. Toleo la 12.10, Oktoba mwaka huo huo, likaiacha kabisa keneli isiyo na PAE.

Walioumia hasa ni wenye Pentium M. Chipu hii ya laptopu ilitoka Machi 2003, na zile za mwanzo, zenye basi ya megahezi 400, hazitangazi PAE. Mashine ya miaka tisa, isiyo na ubovu wowote, ikakataliwa mlangoni.

Kumbe nyingi kati ya chipu hizo zinayo PAE, ila hazisemi! Keneli huiuliza prosesa kwa agizo la CPUID, na ilikuwa ikiamini jibu hilo. Mwaka 2014 likaja chaguo la forcepae: keneli ipuuze jibu, itumie PAE. Kwenye menyu ya GRUB, bonyeza e, ongeza forcepae mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha F10.

Debian 13, ya Agosti 2025, haina tena keneli wala kisakinishi cha biti 32. Debian 12 bado inayo, hata keneli ya 686 isiyohitaji PAE. Ijaribu hiyo kwanza kabla hujaitupa mashine. Aliyechagua mstari ule alipunguza kazi yake, na gharama ikamwangukia mwenye kompyuta ya zamani.