Kutoka Hendeli hadi Kapasita Kuu

Historia ya chombo mara nyingi huhifadhiwa katika jina lake. Magari ya awali yaliwashwa kwa hendeli, yaani mkono wa chuma uliozungushwa mbele ya injini. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye mota ya kuwashia, iliyobuniwa na Charles Kettering. Mota hiyo mafundi wetu huiita selfu, nayo hulishwa na betri.

Tunduma, iliyo katika Mkoa wa Songwe tangu 2016, ni mji wa malori. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalipitishwa huko kwa barabara. Asubuhi za Juni na Julai ni za baridi: oili huwa nzito, na betri hupungukiwa nguvu wakati ule ule selfu inapoihitaji zaidi.

Siku hizi kipo chombo kinachotunza chaji juu ya uso wa kaboni, bila kutegemea mmenyuko wa kikemia. Hivyo baridi haikidhoofishi sana. Betri ndogo hukijaza polepole, nacho hutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache. Tukikiita betri, mwanafunzi atapotoka, na dereva atadhani kitawasha taa usiku kucha. Neno kapasita limekwisha kuzoeleka. Tunapendekeza kapasita kuu. Hata hivyo, fundi wa Tunduma naye aulizwe kabla istilahi haijasanifiwa.