Makao ya Gari la Kale katika Nchi ya Migomba

Maneno ya lugha huhifadhi historia ambayo vitabu aghalabu huisahau. Mswahili asemapo "gereji" huwa na maana ya mahali gari litengenezwapo; mahali gari lilalapo hupaita "banda", neno lile lile alitumialo kwa makao ya ng'ombe, mbuzi na kuku. Matumizi hayo si umaskini wa msamiati. Yaonyesha kuwa gari limehesabiwa pamoja na mali iliyo hai, ambayo mwenyewe hapendi kuiacha nje usiku. Katika Rubya, kwenye nchi ya zamani ya Ihangiro ambayo sasa imo katika wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera, jambo hili lina uzito wa pekee. Kwa maana huko kulipatia gari makao ni kugawa upya ardhi ambayo tayari ina wenyewe, walio hai na waliokufa.

Nyumba ya asili ya Mhaya ni msonge, nyumba ya duara iliyoezekwa kwa nyasi toka kileleni hadi karibu na ardhi. Ndani yake watu na ng'ombe walilala chini ya paa moja, wala hapakuwa na aibu katika ujirani huo. Ng'ombe alikuwa heshima ya mji, na zaidi ya heshima alikuwa chanzo cha rutuba. Udongo wa sehemu nyingi za Buhaya umechujwa nguvu zake na mvua. Mchana ng'ombe walilishwa katika rweya, mbuga ya nyasi iliyo nje ya makazi. Usiku walirudi nyumbani, na samadi yao ilitiwa katika kibanja, shamba la migomba na mibuni lizungukalo nyumba. Hivyo nafasi aliyopewa ng'ombe ndani ya msonge alikuwa akiilipia kila siku. Ugonjwa wa sotoka ulipoangamiza mifugo katika miaka ya 1890, haukuondoa nyama na maziwa tu. Ulikata mshipa uliolisha migomba.

Katika kizazi hicho hicho mali ya namna nyingine ilikuwa njiani. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, na reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Kahawa haikuwa ngeni kwa Wahaya: buni zilichemshwa, zikakaushwa, zikatafunwa, mgeni alikaribishwa kwazo, na upandaji wa mibuni ulikuwa chini ya mamlaka ya watawala. Reli na meli za ziwa ziliigeuza alama hiyo ya urafiki kuwa bidhaa ya kuuzwa ng'ambo. Baada ya Vita Kuu ya Pili bei ilipanda sana, na mwaka 1950 wakulima waliunda chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, kilichojulikana kwa herufi B.N.C.U. Fedha za kahawa ziligeuka mabati, ada za shule, baiskeli, malori, na kwa wachache magari madogo.

Hapo ndipo swali la makao lilipozuka. Katika mji wa London swali hilo lilipata jibu jepesi. Nyuma ya nyumba za matajiri palikuwa na vichochoro vyenye mabanda ya farasi. Farasi walipoondoka, magari yaliingia mahali pao, kwa kuwa mabanda hayo yalikwisha kujengwa kwa kipimo cha gari la kukokotwa. Buhaya haikuwa na gari la kukokotwa. Msonge una ukuta wa duara, na moto wa kupikia umo ndani yake, jirani mbaya kwa petroli. Tena msonge ulikaa katikati ya migomba, ukafikiwa kwa kijia cha miguu. Hata nyumba za pembe nne, zilizoenea pamoja na misheni, shule na mabati, nyingi zilijengwa pale pale palipokuwa na misonge. Basi gari halikuweza kurithi nafasi ya ng'ombe. Lilidai nafasi yake lenyewe.

Yafaa dai hilo lipimwe. Gari la Peugeot 404, aina iliyoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, lina urefu wa mita 4.4 hivi na upana wa mita 1.6 hivi. Ili milango ifunguke na fundi apate kulizunguka, lahitaji banda la mita 6 kwa 3, yaani mita za mraba 18. Migomba ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kila upande, kila shina huchukua mita za mraba 9. Kwa hiyo banda hula mashina mawili tu. Lakini nyumba ikiwa mita 50 kutoka barabarani, njia yenye upana wa mita 3 huchukua mita za mraba 150, karibu mashina 17, mbali ya uwanja wa kugeuzia. Kinacholiponza shamba, basi, si banda. Ni njia iendayo bandani. Naye ng'ombe alirudisha samadi kwa majani aliyoyala, ilhali gari halirudishi kitu katika udongo.

Wala mashina hayo si miti mitupu. Kibanja hurithiwa, na ndani yake wazee huzikwa. Mtu mmoja aweza kununua gari kwa fedha zake, pasipo kumwuliza mtu. Lakini hawezi kulikatia njia kati ya makaburi na migomba ya babu pasipo kuuliza ukoo. Nani ahesabiwe katika ukoo huo ni jambo ambalo Muleba yenyewe ililipeleka mbele ya sheria. Mwaka 1988 mwanamke aliuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa baba yake, na mauzo hayo yakapingwa katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kwa hoja ya mila. Shauri lilifika Mahakama Kuu, Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kuwa mila iliyomnyima mwanamke wa Kihaya haki ya kuuza ardhi aliyorithi ilipingana na haki zilizomo katika Katiba. Tangu hapo, atafutaye nafasi ya banda katika kibanja cha urithi hana ruhusa ya kusikiliza sauti za ndugu wa kiume peke yao.

Jinsi magari yenyewe yalivyopata kuwa ya kale ni sura nyingine ya historia hiyo. Ulaya na Marekani gari la kale hutunzwa kwa mapenzi. Tanzania mengi yalitunzwa kwanza kwa dhiki. Majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera mwaka 1978. Vita vilikwisha mwaka 1979, lakini nchi ilibaki na uhaba wa petroli, matairi na vipuri. Gari lisilo na mrithi halikutupwa; liliinuliwa juu ya matofali likangoja. Serikali ilipowaruhusu watu mwaka 1984 kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, mlango ulianza kufunguka, na baadaye magari yaliyotumika Japani yaliingia kwa wingi. Lile la juu ya matofali likageuka kumbukumbu ya mzee aliyelinunua kwa kahawa.

Na kumbukumbu ya chuma ina adui mkubwa karibu na ziwa. Mji wa Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Sakafu ya udongo hutoa unyevu chini ya gari. Bati lisilo na dari hutonesha umande alfajiri. Na banda lililozibwa pande zote hulea kutu kuliko paa tupu lililo wazi. Msonge ulikuwa na hekima yake hapo: moshi wa jikoni ulikausha nyasi na kufukuza wadudu. Banda la gari, lisilo na moto, halina budi kupewa upepo na sakafu ya saruji.

Serikali ililipatia gari lake la kale makao. Rolls-Royce iliyotumiwa na utawala wa Waingereza, na baadaye na Mwalimu Nyerere, iliwekwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Jamaa ya Rubya haina makumbusho. Ina kibanja, na kila kizazi kibanja hicho hugawanywa kikapungua. Hesabu ya mashina yaonyesha mahali pa busara: ukingoni, kando ya barabara, ambapo banda hula migomba miwili na njia haili hata mmoja. Mwenye gari hatalisikia usiku kama babu yake alivyowasikia ng'ombe, na huenda akalazimika kumlipa mlinzi au kumwomba jirani. Hiyo ni gharama yake mwenyewe. Ile ya mashina 17 ingelipwa na ndugu zake wote, pamoja na watoto ambao hawajazaliwa.