Boriti ya zege yenye mdomo

Boriti ya zege yenye mdomo ni boriti ya zege na nondo ambayo kimo chake kimepunguzwa ghafla karibu na egemeo, mara nyingi hadi nusu hivi. Sehemu ya juu inayobaki, yaani mdomo, hukalia kitako kilichotokeza kwenye nguzo au kwenye boriti nyingine. Hutumika katika majengo ya vipande vilivyomwagwa kiwandani, kwa kuwa huokoa kimo cha ghorofa, na katika madaraja ambamo kipande cha kati hulazwa juu ya ncha za mikono miwili ya daraja inayotokeza kutoka pande mbili. Mpangilio huo wa madaraja mhandisi Mjerumani Heinrich Gerber aliupatia hataza mwaka 1866, enzi za madaraja ya chuma.

Kwa mtazamo wa kupinda, zege limeondolewa mahali pazuri, maana karibu na egemeo boriti haipindi sana. Lakini hapo ndipo nguvu ya kukata huwa kubwa kuliko kwingine. Katika boriti ya kawaida mzigo huteremka kimshazari ndani ya zege hadi kwenye egemeo lililo chini. Boriti yenye mdomo haina egemeo huko: mzigo ukifika chini, lazima upandishwe tena juu kabla ya kuteremkia mdomoni. Kazi ya kuupandisha ni ya ringi za wima zilizosongamana kando ya mkato, na hizo hubeba karibu mzigo wote wa ncha ile. Juu, ringi lazima zizikumbatie nondo ndefu, la sivyo hazina pa kushikia. Nondo za kulala chini ya mdomo nazo hupenya mbali ndani ya boriti, kwa sababu ufa wa kwanza huanzia kwenye kona ya ndani na kupanda kimshazari. Kanuni za kawaida za kupinda hazifai hapa. Mhandisi huchora njia za mgandamizo na mvuto kama fremu ya pembetatu, kisha huweka nondo penye mvuto.

Kona hiyo ina ubaya mwingine. Katika daraja iko chini ya kiungio cha barabara, maji huvujia humo, na mkaguzi haioni bila kukiinua kipande cha kati.

Yote haya yalikutana Laval, katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Tarehe 30 Septemba 2006 sehemu ya daraja la de la Concorde, lililojengwa karibu mwaka 1970, ilianguka juu ya barabara kuu iliyopita chini yake. Watu 5 walikufa na 6 walijeruhiwa. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Pierre Marc Johnson ilibaini kwamba nondo za kupandishia mzigo hazikuwekwa mahali pake, hivyo hazikuzishika zile za juu. Zege lenyewe lilikuwa hafifu, likaharibiwa na chumvi ya kuyeyushia barafu pamoja na kuganda na kuyeyuka kwa maji. Aidha, bamba nene lililobeba mdomo halikuwa na nondo za kuzuia nguvu ya kukata, jambo ambalo kanuni za wakati wa usanifu ziliruhusu. Ufa ulikua ndani kwa miaka. Daraja jirani la de Blois, lililosanifiwa kwa namna hiyohiyo, nalo lilibomolewa.