PES 6 bado inachezwa Masalani

Kabla mnirushie mawe, acha niseme: PES 6 ndiyo gemu bora ya soka iliyowahi kutoka. Sijali unacheza nini siku hizi kwa PS5 yako. Lakini leo sitaki vita na watu wa FIFA. Nataka kueleza kwa nini gemu ya 2006 bado inachezwa kwetu, na ile mpya ikifika huko inagoma.

Idd iliyopita nilirudi nyumbani Masalani, Ijara. Mtandao ulikuwa umepotea siku mbili. Nairobi mtandao ukipotea saa moja tu watu wanawaka. Huko kwetu wanasema "imeenda" na kuendelea na chai. Wapwa zangu walikuwa wanazunguka nyumba kama ndama waliotengwa na mama, kila mmoja na simu yenye eFootball isiyofunguka. Ndipo binamu yangu akaingia chumbani, akatoka na PS2 yake imefungwa kwa dera kuukuu la mama yake. Manze, nilikuwa sijaiona miaka kumi.

Sasa historia kidogo. Mfululizo huu ulianza Japani mwaka wa 1995 kwa jina Winning Eleven, kazi ya kampuni ya Konami. Kwa miaka mingi aliyeuongoza ni Shingo Takatsuka, jamaa anayejulikana kama Seabass. Ulaya ukaja kuitwa Pro Evolution Soccer mwaka wa 2001, na huku kwetu tukaukata ukawa "pes", kama pesa iliyokatwa mkia. PES 6 ilitoka Oktoba 2006. Ijara mwisho wa mwaka huo unakumbukwa kwa mafuriko na homa ya Bonde la Ufa, mifugo inakufa na masoko yamefungwa. Hakuna aliyekuwa na habari na shuti za Adriano.

Gemu ilitufikia miaka baadaye, kwa njia ile ile ya kila kitu: Eastleigh, basi hadi Garissa, kisha barabara ya vumbi. PS2 ilikuwa ya mtumba, imechipiwa ili isome diski za kunakili. Base yetu ilikuwa chumba kimoja cha mabati, televisheni ya mgongo, na jenereta nje. Ashu mechi moja, anayeshindwa anatoka. Mafuta yakiisha katikati ya mechi hakuna mshindi, na ashu yako imeenda. Maalim wa duksi alikuwa na ratiba yake ya kupita pale na fimbo. Wazee nao chini ya mti walikuwa na shax yao, mistari ya mchangani, kete kumi na mbili kila upande. Walituita wapotevu, lakini ukisimama katikati ya base na mti hungejua kelele za ubishi zinatoka wapi.

Konami hawakuwa na leseni za timu nyingi, kwa hiyo Chelsea ilikuwa London FC na Liverpool ilikuwa Merseyside Red. Kenya haikuwemo. Somalia ndiyo usiulize. PES 2011 ilipofika tukamkuta McDonald Mariga ndani ya Inter, mtu wa Kenya kabisa, na kwa wiki nzima hakuna aliyekubali kuchukua Barcelona. Lakini Mariga ni mmoja. Kwa PES 6 tulikuwa na dawa yetu: unaweza kuunda mchezaji wako mwenyewe, urefu, nywele, nguvu za shuti, kila kitu. Mwenye base alituunda sote. Mimi nilikuwa winga wa kushoto mwenye kasi ya 99, jambo ambalo uwanjani halijawahi kuonekana.

Base ilikufa 2015. Tarehe 2 Aprili mwaka huo watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, na siku iliyofuata ikaja kafyu, kutoka saa kumi na mbili unusu jioni hadi asubuhi. Sisi tulikuwa tunacheza baada ya sala ya isha. Kafyu ilipoisha, wazazi hawakutaka tena kijana asionekane gizani, na sijui nani angewalaumu. Mwenye base akauza televisheni. Binamu yangu akanunua PS2.

Konami nao walikuwa na mambo yao. PES 2014 ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa PS2. Mwaka wa 2021 wakatupa hata jina, ikawa eFootball, ya bure, ya mtandaoni. Ilitoka mbovu hadi wakaomba radhi hadharani. Tangu hapo imerekebishwa, sikatai, na wapwa zangu wanaipenda. Lakini gemu "ya bure" inayodai intaneti kila ukiifungua ni ya bure kwa nani? Kaskazini Mashariki al-Shabaab wamewahi kulipua milingoti ya simu zaidi ya mara moja. Timu yako yote iko kwa seva ya mtu Japani, na siku atakayochoka kuilipia, utabaki na picha za skrini.

Tulichomeka kadi ya memori. Hiyo kitu ina MB 8, wimbo mmoja tu wa simu yako unaweza kuijaza. Tukafungua orodha, na sote tukawemo. Mimi na kasi yangu ya uongo. Binamu yangu. Mtoto wa maalim, aliyekuwa anacheza kwa siri. Na beki wa kati wetu, yule mrefu, aliyeondoka kwa tahriib kupitia Libya na hajapiga simu hadi leo. Mama yake anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Binamu yangu hakusema kitu. Akachagua timu yetu, akamweka beki wa kati, akamkabidhi mpwa wetu wa miaka kumi na miwili padi ya pili. Mtoto akauliza huyu ni nani, mbona ni mrefu hivi. Tukamwambia ni kaka yako, cheza.

Alitufunga tatu moja.